Bei Ikishuka Nitauza

Nsimire, binti yangu,

Bahasha hii nimeifunga kwa gundi, juu ya gundi nikapaka bugali, ule ugali wetu, halafu nikaandika jina langu pale mfuniko unapokutana na karatasi. Ukikuta jina limekatika katikati, ujue barua imesomwa kabla yako, na umtazame vizuri mtu uliyekaa naye kwenye basi. Najua unacheka. Cheka tu. Papa yako alicheka vilevile miaka yote niliyokaa naye, na mpaka leo hakuna aliyewahi kusoma barua yangu bila ruhusa.

Umeenda kuwaaga wenzako wa kwaya na umesema hutachelewa. Nawajua watu wa kwaya, kwa hiyo nina muda wa kutosha. Sanduku lako liko hapa mlangoni, lile la zamani la papa yako, limefungwa mkanda kwa sababu kufuli lake lilikufa zamani. Juu ya sanduku hilo nina neno la kusema, litafika mahali pake.

Sitaandika mambo ya sweta wala ya chakula cha njiani. Hayo nimekuambia wiki nzima mpaka umeanza kunimalizia sentensi. Nataka kukuandikia juu ya nyumba hii na bima yake, na juu ya jambo nililokuwazia moyoni mwezi huu, ambalo wewe hulijui. Hakuna anayelijua isipokuwa Mama Furaha wa Kituku, na mdomo wa Mama Furaha unaufahamu, ndiyo maana naharakisha kukuambia mwenyewe.

Utaona pia kwamba naandika Kiswahili cha barabara ya Bunagana, kile kinachosemwa huko Nairobi unakokwenda. Si kwa kujionyesha. Sisi wawili, kwa mambo ya kununua na kuuza, Kiswahili cha nyumbani kimetuponza.

Ulikuwa mdogo papa yako alipoleta habari ya bima. Alikuwa karani huko Bunagana, kazi yake kupitisha mizigo ya watu forodhani, na huko alizoea kuona kila kitu cha thamani kinakatiwa asiranse: lori, mzigo, hata ng'ombe. Akarudi nyumbani akaitazama nyumba yetu kama mzigo uliosahauliwa mpakani. Nikamwambia, "Papa Nsimire, unalipa watu juu nyumba ikiungua wakusaidie. Na isipoungua?" Akasema, "Njo vizuri." Nikamwuliza juu ya pesa yenyewe, "Na ile makuta?" Akasema, "Imeenda." Nikaona mume wangu ameibiwa mchana kweupe, tena kwa risiti. Halafu mkataba wenyewe, kwa Kifaransa chao, wanauita polisi. Jina hilo peke yake lilinitosha.

Kisha jiko letu la mbao kule nyuma likashika moto. Unakumbuka, ulililia sufuria ya maharagwe kuliko jiko. Mimi nilitegemea wale watu wa bima watazima simu. Walikuja, wakapima, wakauliza maswali, wakalipa. Na unajua nilifanya nini? Nilikaa siku nyingi najiuliza kwa nini wamelipa. Nilimwuliza papa yako kama kuna kitu kingine alichosaini ambacho hajaniambia. Alinicheka mpaka akatoka nje kupumua. Baada ya hapo mimi ndiye niliyekuwa mtu wa bima kuliko yeye, na alipotuacha, nguo nyeusi nilizivua siku ilipofika lakini bima sikuivua.

Halafu mji ukabadilisha wakubwa, mabenki yakafunga milango, na ofisi ya bima ikafunga nayo. Hakuna aliyekuja kuniambia. Ulikuja ujumbe kwenye simu, wa Kifaransa, kwamba mkataba wangu hautaendelea na kwamba wananishukuru kwa kuwaamini. Kuwaamini! Mimi! Nilikufanya uusome tena na tena kwa sababu nilidhani unaniruka mstari.

Tangu siku hiyo usingizi wangu uliharibika. Mabanga unaijua. Nyumba zimebanana, mbao kwa mbao, jirani akikaanga vitunguu unakohoa wewe. Yetu ina kuta za mawe ya mlima, sawa, lakini dari ni mbao na moto wa jirani hautaomba ruhusa getini. Nyumba hii na wewe ndivyo alivyoniachia papa yako. Wewe unaondoka. Nilijiona nimebaki ndani peke yangu, nyumba ikiungua sina wa kumwita, nikaogopa. Sikukuambia kwa sababu nilijua ungesema huendi tena, na mimi nataka uende.

Basi nikaanza kutafuta bima ambayo mwanamke wa maharagwe na unga anaweza kuilipa. Wa kwanza kuja alikuwa komisioneri, yule kijana aliyevaa miwani ya jua mpaka ndani ya nyumba. Makomisioneri unawajua: leo anakutafutia chumba cha kupanga, kesho anatembeza wateja kwenye kiwanja cha mtu aliye kilioni. Huyu alikuwa na badji ya kazi shingoni na bei ndogo ya kushangaza.

"Mama, miye nakufanyia bei ya ndugu," akasema. "Unalipa leo, kesho niko nakuletea karatasi."

"Hii nyumba ni ya mawe ao ya mbao?" nikamwuliza.

"Eh?"

"Nakuuliza weye mwenye asiranse. Ni ya nini?"

"Mama, kwetu nyumba yote ni sawa."

Na hapo alikuwa ameegemeza mgongo wake kwenye ukuta wa mawe! Nikamwacha amalize chai, nikamwonyesha mlango. Mtu anayetaka kukulindia kitu na hana haja ya kujua ni kitu gani, Nsimire, mwogope, hata kama si bima anayokuletea. Wewe ulikuwa chumbani ukasikia yote, ukatoka ukaniambia nimekuwa mkali mno. Nikakujibu kwamba chai amekunywa.

Nikashuka Kituku kwa Mama Furaha, anayeuza sambaza, vile vidagaa vya ziwani, pale mitumbwi inapopakua. Wanawake wa pale wana mutualite yao: kila mmoja anatoa kidogo, mwenye shida anasaidiwa. Nikamwuliza kama wanachukua na nyumba. Alicheka mpaka sambaza zikamponyoka kwenye kopo.

"Nyumba muzima? Siye tunaweza kukupatia mabati, na wamama wa kulia pamoya na weye. Nyumba, hapana."

Walau alisema wazi asichokiweza. Nikajiandikisha kwa ajili ya hayo mabati, na njiani kurudi nikaanza kujiuliza kwa nini amenikubali haraka hivyo.

Sasa nifike kwako.

Siku moja narudi kutoka sokoni nakukuta umesimama barabarani unapiga nyumba picha. Mbele, pembeni, paa, hadi mfereji. Uliponiona ukatia simu mfukoni. Nikakuuliza, ukasema, "Souvenir, mama." Souvenir ya mfereji wa maji machafu? Kesho yake ukiwa unaosha vyombo ukaniuliza karatasi za kiwanja siku hizi naziweka wapi, kwa sauti nyepesi kupita kiasi, bila kugeuka. Kisha nikakumbuka valizi, sanduku la safari. Nilikupa pesa ya valizi mpya, yenye magurudumu, na valizi haikuja. Mtoto anasafiri, anahitaji valizi, pesa anayo, na hana haraka ya kuinunua. Hayo yote nikayaweka pamoja kichwani, nikayapanga, nikangoja.

Na jioni moja, niko nyuma ya dirisha lako natoa nguo kwenye kamba, nikakusikia kwenye simu.

"Bei ikishuka nitauza mbele niende. Picha nimeshatuma. Mama asijue kwanza."

Yule mtu wa kwenye basi, kama ameifungua barua hii kweli, hapa hataelewa kitu, basi nimweleze na yeye. Kwetu hapa Goma, kama kule Bukavu tulikotoka, kuuza ni kununua. Mtoto unamtuma "enda uuze chumvi" na anarudi na chumvi. Anayetoa mali apokee pesa, huyo anauzisha. Ukishavuka Bunagana mambo yanageuka: kuuza ni kutoa mali, na anayechukua mali ananunua. Nilijifunza hilo kwa aibu, safari yangu ya kwanza ya biashara. Nilimwambia dereva mmoja wa lori kwamba nataka kuuza mchele. Akanijibu kwamba hata yeye anauza. Tukasimama pale tunatazamana, magunia yake nyuma yake, yeye anangoja nionyeshe mchele wangu, mimi nangoja anitajie bei, kila mmoja akimwona mwenzake ni mwizi. Aliyekuja kututenganisha ni kijana karani mwenye kalamu sikioni. Ndivyo nilivyojuana na papa yako. Hadithi hiyo alikusimulia mara nyingi, ila aliiongezea kwamba nilikuwa nimekwisha kumkamata dereva shati, na huo ni uongo. Nilikuwa nimemkamata mkono.

Wewe miezi hii ulikuwa unajifunza Kiswahili cha Nairobi. Mezani ulinisahihisha, "Mama, kule, kuuza njo kuuzisha." Kwa hiyo neno lile lilipotoka mdomoni mwako dirishani, nililipokea kwa maana ya kule. Nitauza kabla sijaondoka. Picha nimetuma. Mama asijue. Nikaelewa kwamba mwanangu anaiuza nyumba ya papa yake.

Nguo zilianguka mikononi mwangu, zikaingia matope, na nilipoulizwa nilisema ni upepo.

Na kwa kuwa hadithi ya kuuza nyumba hii haiwezi kukamilika bila Deo, nikamtia na Deo. Baba yako mdogo hajatukanyagia hapa siku nyingi, lakini mimi sijasahau. Kilio cha papa yako kilikuwa hakijapoa vizuri alipoleta komisioneri na mteja wakipima ua wetu kwa hatua, nami niko sokoni. Ndipo nilipomwita mwandishi wa vibao aandike ukutani, herufi nyekundu kubwa, NYUMBA HII HAIUZISHWI. Kwa neno la nyumbani kabisa, ili mtu wa hapa asije akasema hakuelewa. Sasa nikawaza: Deo amekosa kupitia ukutani, amepitia kwa mtoto.

Karatasi za kiwanja nikazitoa kwenye kasha, nikazishonea ndani ya mto wangu wa kulalia. Shingo ikaanza kuniuma. Ukanichemshia maji, ukanikanda kwa kitambaa, polepole, ukiniimbia ule wimbo wenu wa kwaya usioisha. Na mimi, Nsimire, nimeinamisha kichwa mbele yako, nikawa najiuliza kwa nini unanikanda kwa upole hivyo.

Nilimwambia Mama Furaha kwamba mwanangu ananiuza. Yeye akaniambia, "Mama Nsimire, si umuulize?" Nikaona na yeye yumo.

Maisha yangu yote nimeyala kwa kununua na kuuza. Naweza kukisia debe la maharagwe lililopunguzwa kwa kulitazama tu. Na wewe ulisema bei ikishuka. Ikishuka! Nani anatoa mali yake akingoja bei ishuke? Hata mtoto anayeuza karanga pale soko la Virunga angelisikia hilo akageuka kucheka. Mimi sikulisikia. Nilisikia neno moja nililokuwa naliogopa, na maneno mengine yote yakanipita, yote uliyasema kwa sauti ya kawaida dirishani kwangu.

Madame Riziki alipokuja nilikuwa napepeta maharagwe mlangoni. Mwanamke mrefu, buti za mvua miguuni, mkoba kifuani. Kabla hajaniamkia akagonga ukuta wetu kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akagonga tena mbele kidogo. Nikamwacha agonge.

"Bonjour mama. Natafuta Mademoiselle Nsimire. Ni juu ya nyumba."

Moyo wangu ukasema: mnunuzi ndiye huyu.

"Unajua kusoma?" nikamwuliza. "Soma ukuta."

"Nimesoma, mama. Njo kintu nilikuwa nataka kuuliza. Kuko mutu munagombana naye juu ya hii nyumba?"

"Bado. Labda weye."

Hakukasirika. Alikaa kwenye gunia la unga bila kukaribishwa, akafuta buti zake kwa jani.

"Mama, miye si wa kuchukua nyumba. Miye ni wa asiranse. Mutoto yako njo aliniita. Iko anataka kukuuzia asiranse mbele aende. Alinikataza kukuambia mpaka bei ishuke, juu alisema ukisikia ile ya kwanza utamukatalia."

Kukuuzia. Kukununulia. Nilimwomba arudie. Akarudia. Nikamwomba kadi yake ya kazi, nikaisoma mbele na nyuma, kisha nikaingia chumbani nikafunga mlango, nikalia ndani ya mto ule ule wenye karatasi. Nililia kwa aibu, na kwa furaha, na tena kwa aibu. Valizi yako ilikuwa humo, binti yangu. Valizi yenye magurudumu uliigeuza malipo ya kwanza ya nyumba yangu. Ndiyo maana unaondoka na sanduku la papa yako lenye mkanda.

Uliporudi ulitukuta tumekaa pamoja, macho yangu mekundu, ukadhani nimemgombeza. Hukukosea sana, kwa sababu nilikuwa nimeshaanza kumhoji.

"Na mulima ikitapika moto?" nilimwuliza.

"Mulima haiko ndani, mama."

"Na vita?"

"Vita nayo haiko."

"Mu Goma hii unanitolea mulima na vita! Sasa kunabakia nini?"

"Kunabakia moto, wizi, na mupepo ya kubomoa mabati."

Wewe ulifunika uso kwa mikono. Lakini mimi, sijui kama ulinielewa, nilianza kumkubali Madame Riziki kwa sababu ya hizo haiko zake. Yule wa miwani hakuwa na haiko hata moja. Kwake kila kitu kilikuwa ndani.

Bei yenyewe mliishusha nyinyi wawili, mimi nikisikiliza na kutafuta mtego. Hasara ndogondogo tukakubali kuibeba wenyewe, wao waje kwa ile kubwa tu. Mtego sikuuona, kwani kioo kikivunjika nitamwita fundi, sitamwita mtu wa bima. Mbabula, lile jiko la makaa, ikahamia mbali na ukuta, pale kwenye mawe. Makreti niliyokuwa nimeyarundika dirishani ukayatoa. Kwa kila jambo Madame Riziki alirudi kwenye simu yake akahesabu upya, na bei ikashuka mpaka mahali ninapoweza kupafikia mwenyewe wewe ukiwa hupo. Niliuliza zikipita siku nyingi nyumba ikiwa tupu itakuwaje. Akasema nyumba ikiachwa tupu bima inasimama. Wakiwemo watu, hata akiwemo mmoja tu, bei ni ile ile na ulinzi ni ule ule.

Likabaki la ukuta. Kwa watu wa bima, nyumba inayopiga kelele kwamba haiuzwi ni nyumba yenye wagombanao, na wagombanao huchomeana. Alitaka neno la mkubwa wa avenue, yaani wa mtaa wetu, kwamba hakuna mgogoro, na maandishi yafutwe. Neno la mkubwa nililipata. Kufuta nilikataa. Niliona waziwazi: nafuta leo, kesho Deo yuko getini na wateja. Nikawashuku tena wote, na wewe pamoja nao, kwa dakika moja, nakiri. Ndipo uliponiuliza kwa kile Kiswahili chetu, "Mama, nani atauzisha nyumba na weye uko ndani?"

Ulipanda kwenye ngazi na brashi, mimi nikakushikia kopo la rangi nikitazama barabara. Herufi zilipokuwa zinamezwa nilihisi kama navuliwa nguo mbele ya majirani. Ila rangi ile ni nyembamba. Juzi mvua ilipolowesha ukuta niliona wekundu umerudi kidogo, HAIU na kipande cha Z. Ukikauka haupo. Madame Riziki usimwambie.

Sasa unaondoka, na sikuambii uache kushuku. Mtu akikuonyesha chumba Nairobi jioni taa zikiwaka, rudi mchana ukione tena, ufungue bomba. Wa bei ya ndugu mwulize ndugu yako ni nani. Hayo umeyanyonya kwangu na yatakusaidia. Lakini ukimshuku mtu unayempenda, mwulize siku hiyo hiyo, hata kama swali ni la aibu. Mimi swali langu lilikuwa fupi sana. Ningetoka nyuma ya dirisha na nguo zangu nikasema, "Nsimire, unauza nini?" Ungecheka, ungeniambia, na ningelala bila karatasi shingoni. Badala yake nilikaa wiki nzima na mtoto mwizi ndani ya nyumba, mtoto ambaye hakuwepo, nikampa chakula, nikamtazama akila, nikakosa siku hizo za kukaa na wewe ambazo hazitarudi. Naziona sasa zilivyokuwa chache. Nisamehe, mama yangu.

Nakusikia unaimba kwenye kona na wenzako, basi hili la mwisho niliandike haraka.

Jana ulipokuwa umeenda kuchukua tiketi, Madame Riziki aliniletea ile polisi nisaini. Nilivaa miwani, nikaisoma mstari kwa mstari mpaka chai yake ikapoa. Jina la ukoo walikosea herufi, nikasahihisha. Geti waliandika ni la buluu, nikasahihisha, ni la kijani. Dirisha la chumba chako walilisahau kabisa, nikalitia. Alikuwa anahema, lakini alivumilia. Halafu nikafika pale wanapouliza nyumba inakaliwa na watu wangapi. Wewe ndiye uliyemjazia, najua, kwa sababu alikuwa amenakili maneno yako: watu wawili, mama na mtoto wake.

Nilikaa na kalamu juu ya mstari huo. Nilihesabu, na hesabu ya kesho asubuhi, ukishapanda basi, inajulikana.

"Kuko kintu ingine ya kusahihisha, mama?" akaniuliza.

Nikamwambia hapana, hapo wameandika vizuri, nikasaini.

Ni mimi ninayebaki ndani ya nyumba yetu,
Mama Nsimire